Kupanda Milima kwa Baiskeli Ukifanyia Mazoezi Ndani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ninaishi Dar es Salaam. Hapa kwetu ukishavimaliza vilima vya Pugu, huna tena mpando wa kuuita mlima. Hata hivyo kila mwaka naenda Mombo na baiskeli yangu, napanda hadi Lushoto kwenye milima ya Usambara, na maandalizi karibu yote nayafanya kwenye chumba kimoja chenye feni mbili na taulo tatu. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa mara nyingi na wenzangu wa Pwani, na wengine walioko Doha, Muscat na miji mingine tambarare.

Hivi kweli mtu anaweza kujifunza kupanda mlima akiwa chumbani?

Anaweza, kwa sehemu kubwa. Mlima mrefu unadai kitu kimoja ambacho barabara za mjini hazikupi, nacho ni juhudi isiyokatika. Jaribu kunyonga dakika 40 mfululizo kwenye barabara ya Bagamoyo bila kushusha mguu. Daladala itakuchomekea, taa zitawaka nyekundu, bodaboda atakatiza, au utajikuta umejibana nyuma ya mwenzako na yeye ndiye anayekula upepo. Kila kituo kidogo kama hicho kinaipumzisha miguu hata kama hukukusudia. Mlimani hakuna pumziko hilo, na kwenye trena, kile kifaa cha kunyongea baiskeli ndani, pia halipo. Ukiacha kunyonga, gurudumu linasimama.

Jambo la pili ni hesabu. Kwenye mpando mkali unakwenda polepole, kwa hiyo upepo haukuzuii sana. Unapambana na uzito wako. Chukua mtu wa kilo 75 mwenye baiskeli na chupa za maji za jumla ya kilo 11. Akitoa nguvu ya wati 200 kwenye mwinuko wa asilimia 8 (kila mita 100 unapanda 8), atakwenda kilomita 9 au 10 kwa saa, asizidi sana hapo. Wati hizo 200 ni zilezile, uwe Usambara au Kinondoni. Mguu haujui uko wapi.

Kama unataka ushahidi wa mtu aliyefika mbali, mwangalie Jay Vine wa Australia. Alipata mkataba wake wa kwanza katika timu kubwa, Alpecin-Fenix, kwa kushinda mashindano ya Zwift Academy ya mwaka 2020, ya ile programu ya kuendeshea baiskeli kwenye skrini iitwayo Zwift, yaliyofanyika kwa sehemu kubwa kwenye trena. Agosti 2022 alishinda hatua mbili za Vuelta a España, mashindano makubwa ya baiskeli ya Hispania, na zote mbili zilimalizikia kileleni.

Nahitaji vifaa gani?

Trena, baiskeli, feni, taulo, na skrini yoyote, hata simu. Trena ni kile kifaa unachoifungia baiskeli ili unyonge bila kwenda popote. Nzuri zaidi kwa kazi yetu ni trena janja ya aina ambayo unavua gurudumu la nyuma na kuukaza mnyororo moja kwa moja kwenye kifaa. Inapima wati zako na kubadilisha ukinzani yenyewe: barabara ya kwenye skrini ikipanda, mguu unahisi. Zile ambazo tairi la nyuma linabanwa kwenye roli zinafanya kazi pia, ila huteleza unapokaza kwa nguvu kwenye mwinuko mkali, na tairi linaisha haraka.

Wengi huwaza trena na kusahau feni. Nunua feni kwanza. Sababu nimeieleza kwenye swali la joto.

Nitumie programu ipi?

Zwift ndiyo yenye watu wengi. Unalipa karibu dola 20 za Marekani kwa mwezi, na unapata kisiwa cha kubuni kiitwacho Watopia chenye milima ya kila aina. Mkubwa kwa jina ni Alpe du Zwift: kilomita 12.2, kupanda mita 1,036, wastani wa mwinuko asilimia 8.5, kona 21. Umeigwa kutoka Alpe d'Huez ya Ufaransa, ambayo Tour de France iliifikia kwa mara ya kwanza mwaka 1952 na Fausto Coppi akashinda. Upo pia Ven-Top, ulioigwa kutoka Mont Ventoux, mlima mwingine wa Ufaransa, ambao unakaribia kilomita 21. Na tangu 2023 wameweka lango la milima ya kweli iliyochorwa upya, inayobadilishwa mara kwa mara.

MyWhoosh, yenye makao Abu Dhabi, ni ya bure. Kwa anayeanza, au asiyetaka kulipa kila mwezi, sioni sababu ya kutafuta nyingine. Rouvy inakuonyesha video za barabara halisi, na kwa mtu anayejiandaa kwa mlima fulani uliomo humo ina faida. Tofauti moja ya kuzingatia ni bando. Zwift inapakua dunia yake mara moja, baada ya hapo inakula intaneti kidogo sana. Video za Rouvy zinakula kwelikweli.

Mimi natumia Zwift. Ila miguu yangu isingejua tofauti.

Kuna kitufe cha ugumu wa trena kwenye mipangilio. Nikiweke wapi?

Hapa watu wengi hupotea, kwa hiyo tulia tusome vizuri. Kwenye Zwift kipimo hicho huja kikiwa asilimia 50. Maana yake, barabara ya skrini ikiwa na mwinuko wa asilimia 10, mguu wako unahisi kama asilimia 5. Wengi hudhani wanadanganya wakikishusha, au wanapata kasi zaidi. Sivyo. Kasi yako kwenye skrini inatokana na wati na uzito wako. Kitufe hicho kinabadilisha tu gia utakayotumia kuzitoa wati hizo.

Kwa anayejiandaa kwa mlima wa kweli, tofauti hiyo ya gia ndiyo yenye mafunzo. Ukibaki kwenye asilimia 50, utapanda Alpe nzima ukinyonga mizunguko 90 kwa dakika kwa raha, halafu ufike mlimani ukute gia zimekwisha na miguu inazunguka mara 50. Chukua baiskeli yenye meno 39 mbele na 25 nyuma. Kwa kilomita 9 kwa saa, utakuwa unanyonga mizunguko 46 tu kwa dakika. Ukibadilisha uwe na 34 mbele na 32 nyuma, kwa kasi ileile utapata mizunguko 67. Hesabu hii nilitakiwa kuijua kabla ya safari yangu ya kwanza.

Ushauri wangu: anza na asilimia 50. Wiki nne za mwisho kabla ya mlima wako, panda mpaka 100 angalau mara moja kwa wiki. Ukigundua gia hazitoshi, nenda kwa fundi mapema ukabadilishe meno ya nyuma. Usisubiri kuligundua hilo barabarani.

Wati, FTP… hizi namba zina maana gani?

Wati ni kipimo cha nguvu unayoisukumia pedeli kwa wakati huo. FTP ni namba inayokadiria wati nyingi kabisa unazoweza kuzishikilia kwa karibu saa moja. Mimi naiita kizingiti: ukiwa chini yake unaweza kuendelea, ukikivuka saa inaanza kukuhesabia.

Kukipima kuna njia mbili za kawaida. Ya kwanza, baada ya kupasha mwili, unanyonga dakika 20 kwa nguvu zote ulizonazo, kisha unachukua asilimia 95 ya wastani. Ukipata 232, kizingiti chako ni 220. Ya pili ni ya ngazi: kila dakika programu inaongeza wati, kwa kawaida 20, mpaka mguu ukatae, na asilimia 75 ya dakika yako bora ndiyo jibu. Ya ngazi ni fupi na haihitaji ujuzi wa kujigawa. Lakini kwa mtu wa milima naipenda ile ya dakika 20, kwa sababu yenyewe ni somo. Utaanza kwa pupa, dakika ya tisa utajuta, na mara ya pili utaanza kwa adabu.

Ukishapata kizingiti, kigawe kwa kilo zako. Wati 220 kwa kilo 75 ni karibu wati 2.9 kwa kilo. Hiyo ndiyo namba ambayo mlima unaisoma.

Nifanye mazoezi gani hasa?

Kwa mtu mwenye kazi na familia, mara tatu kwa wiki kwenye trena zinatosha, pamoja na safari moja ya nje siku ya mapumziko. Nitatumia kizingiti cha wati 220 kwenye mifano yote. Wewe badilisha namba zako.

Msingi wa yote ni vipande virefu vilivyo chini kidogo ya kizingiti, asilimia 88 hadi 94, yaani wati 194 hadi 207. Anza na vipande vitatu vya dakika 10, kati yake ukipumzika dakika 5 kwa kunyonga taratibu. Wiki inayofuata vitatu vya dakika 12. Kisha 15. Lengo ni kufika vipande viwili vya dakika 20, na baadaye kimoja cha dakika 40. Havina mbwembwe. Dakika tano za kwanza utaona ni rahisi na utashawishika kuongeza. Usiongeze. Ugumu unakuja dakika ya kumi na mbili, na unakuja taratibu, kama maji yanayopanda ndani ya mtumbwi. Ukiweza kukaa hapo kwa utulivu, pumzi yako ikiwa na mdundo mmoja na mabega yamelegea, umeshajifunza nusu ya kupanda milima.

Zoezi la pili ni la kuvuka kizingiti na kurudi. Dakika mbili kwenye wati 209, dakika moja kwenye 231, unarudia mara nne bila kupumzika. Pumzika dakika 6, kisha rudia seti nzima. Barabara za milimani hazina mwinuko mmoja. Zinalegea, kisha kwenye kona zinakaza ghafla, na wengi hufia hapo kwa sababu miguu yao haijazoea kupata nafuu huku bado inafanya kazi. Zoezi hili linauma, sikufichi. Lifanye mara moja kwa wiki, si zaidi.

La tatu ni la mizunguko michache. Weka gia nzito, unyonge mizunguko 50 hadi 60 kwa dakika, kwenye asilimia 85 ya kizingiti, vipande vinne vya dakika 6. Kiwiliwili kitulie, mikono ishike sehemu ya juu ya usukani kama unashika yai. Linauzoesha mguu kazi ile utakayoikuta gia zikiisha. Kama magoti yako yana historia, ongea kwanza na daktari au mtaalamu wa viungo, na anza na mizunguko 65.

Wiki ya nne punguza kila kitu karibu nusu. Watu wenye bidii huiruka wiki hii, na hao ndio ninaowaona wamechoka mwezi wa pili. Mguu unajijenga ukiwa umelala.

Hali ya ERG niiwashe au niizime?

Kwenye vipande virefu iwashe: trena inakushikia wati, wewe kazi yako ni kunyonga. Kwenye kupanda mlima wa skrini izime, ujifunze kuchagua gia na kujishikilia mwenyewe.

Nipande Alpe du Zwift kila siku?

Hapana. Mara moja kila wiki mbili inatosha, na uifanye kuwa zoezi la kujigawa. Mtu wa kilo 75 mwenye wastani wa wati 200 atatumia saa moja na robo hivi. Kona huhesabiwa kwa kushuka, kama ilivyo kwenye mlima wenyewe kule Ufaransa, ambako kibao cha kona ya kwanza ukitoka chini kimeandikwa 21 na cha mwisho 1.

Fanya hivi. Kona tano za kwanza kaa kwenye asilimia 85 ya kizingiti, hata kama wengine kwenye skrini wanakupita kama umesimama. Kona kumi zinazofuata kaa kwenye 90. Zilizobaki, toa kilichobaki. Mara yangu ya kwanza nilizianza kona za chini kwa wati 240, moyo ukiwa na furaha, na kona ya tisa nilikuwa kwenye 150, nikitazama jasho linavyodondoka kwenye kigae tone baada ya tone. Wiki mbili baadaye nilianza kwa 185 na nikamaliza dakika tisa mapema zaidi. Nguvu ilikuwa ileile.

Nikae au nisimame?

Kaa muda mwingi. Kusimama kunapandisha mapigo ya moyo kwa wati zilezile, lakini kunapumzisha mgongo na makalio na kubadilisha misuli inayofanya kazi. Jizoeze kusimama sekunde 30 kila baada ya dakika 5. Kabla hujainuka, ongeza gia moja, la sivyo mguu utadondoka kwenye utupu. Fahamu tu kwamba trena nyingi zimeishika baiskeli kwa nguvu, haiyumbi kulia na kushoto kama barabarani. Kusimama kwa kweli utakumalizia nje.

Kwa nini chumbani nachoka mapema kuliko barabarani?

Joto. Barabarani upepo unakukausha bila wewe kujua. Chumbani hakuna upepo. Jasho linabaki mwilini, damu inakimbilia kwenye ngozi kukupoza badala ya kwenda kwenye misuli, na mapigo ya moyo yanapanda huku wati ziko palepale. Dar es Salaam mwezi wa pili, saa moja jioni, chumba kisicho na feni kinaweza kukunyang'anya sehemu nzuri ya nguvu zako.

Weka feni moja mbele ikipuliza kifua na nyingine pembeni ikipuliza mgongo. Fungua dirisha. Fanya zoezi zito saa kumi na moja alfajiri. Kama siku hiyo joto limezidi, punguza wati kwa asilimia 5 na usijilaumu.

Jasho pia linaua baiskeli. Mwaka wa kwanza nilifungua utepe wa usukani nikakuta alumini imeliwa na chumvi, imefanya vishimo vyeupe kama mbao iliyoshambuliwa na mchwa. Usukani ule ningeukamata kwenye mteremko ungeweza kukatika mikononi. Tandika taulo juu ya usukani na bomba la juu, futa kila mara ukimaliza, na kila baada ya miezi michache fungua utepe uangalie.

Nile na kunywa nini?

Zoezi la chini ya saa moja, maji yanatosha kama ulikula vizuri mchana. Zaidi ya hapo, lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi moja ya kawaida ina gramu 25 hivi. Tende ni rafiki mkubwa: ndogo, haziozi, zinatafunika haraka. Madafu ni mazuri na yana potasiamu nyingi, lakini sodiamu yake ni kidogo, na sodiamu ndiyo inayotoka zaidi kwenye jasho. Weka chumvi kidogo, ncha ya kijiko cha chai kwa lita moja.

Jizoeze kula ukiwa unanyonga. Tumbo nalo linafundishwa.

Mwezi wa Ramadhani nifanyeje?

Hili naulizwa kila mwaka. Mwezi huo usijenge, linda ulichonacho. Mazoezi mepesi ya dakika 30 hadi 40 yaweke saa ya mwisho kabla ya futari, kwenye asilimia 60 ya kizingiti au chini, feni zote zikiwaka, ili ukimaliza uende moja kwa moja kwenye maji na tende. Kama unataka zoezi gumu, lifanye usiku, saa mbili baada ya kufuturu au baada ya tarawehe, na moja kwa wiki linatosha. Usifanye zoezi gumu ukiwa umefunga kwenye chumba cha joto. Kizunguzungu kikija, shuka na ukae chini. Ukishakula Idi, ndani ya wiki mbili au tatu utakuwa umerudi mahali pako.

Nipunguze uzito ili nipande haraka?

Kilo moja pungufu, kwa mtu na baiskeli wa jumla ya kilo 86, ni takriban asilimia 1.2 ya muda wako. Kwenye mpando wa saa moja na robo ni kama sekunde 50. Si kitu kidogo. Lakini nimeona watu wakijinyima chakula hadi wati zinashuka haraka kuliko kilo, na hapo umepoteza pande zote mbili. Kama una kilo za ziada, zipunguze polepole kabla hujaanza wiki za mazoezi magumu. Na ukishaanza, kula.

Jambo jingine: andika uzito wako wa kweli kwenye programu. Wapo wanaojipunguzia kilo kumi ili wapande kwa kasi kwenye skrini. Wanawanyima haki wanaoshindana nao, na wenyewe wanaingia mlimani bila kujua namba yao.

Umeme ukikatika katikati ya zoezi?

Trena nyingi zinazotegemea umeme zinakuwa nyepesi ghafla mguuni, kwa hiyo kaa chini kwenye siti haraka. Trena na ruta havili umeme mwingi. Kifaa kidogo cha akiba chenye betri kinavibeba vyote viwili muda wa kumaliza kipande. Ukitumia simu yenye chaji, zoezi lako litaendelea kurekodiwa.

Sina uwezo wa trena janja. Nikate tamaa?

Hata kidogo. Trena ya kawaida ya sumaku, iliyotumika, pamoja na mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo, inakutosha kufanya vipande virefu nilivyoeleza. Badala ya wati, tumia pumzi: kwenye kipande chini ya kizingiti unaweza kutoa sentensi fupi fupi, huwezi kupiga soga. Inua gurudumu la mbele kwa kitabu kinene au kipande cha mbao ili mgongo uzoee mkao wa mpando. Baiskeli ya gym nayo inafaa kama ina kipimo cha wati. Zoezi linatokana na dakika, na dakika hazina bei.

Skrini itanizoesha hewa nyembamba ya milimani?

Haiwezi. Chumba chako cha usawa wa bahari kinabaki usawa wa bahari hata ukipanda Ventoux ya skrini mara kumi. Kwa Lushoto, karibu mita 1,400, tofauti ni ndogo. Ukienda Iten, Kenya, mita 2,400 hivi, tegemea wati zako kushuka kwa karibu asilimia 10 siku za kwanza. Fika mapema, na anza polepole kuliko unavyodhani.

Najiandaa kwa vilima vifupi vya Kigali. Mazoezi ni yaleyale?

Msingi ni uleule, kilele ni tofauti. Mashindano ya dunia ya barabarani ya Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, yaliwaonyesha watu Kigali ni nini: wanaume wa daraja la juu walikimbia kilomita 267.5 na kupanda zaidi ya mita 5,000, sehemu kubwa kwa kuzungukia vilima vilevile. Mpando wa Kimihurura ni kilomita 1.3 tu ya barabara ya mawe, mwinuko wa wastani asilimia 6.3. Mara moja ni mchezo. Mara ya kumi na tano ni habari nyingine.

Kwa hiyo ongeza vipande vifupi: dakika 3 kwenye asilimia 115 ya kizingiti, wati 253 kwa mfano wetu, mara tano hadi sita, ukipumzika dakika 3. Ukivizoea, viweke mwishoni mwa zoezi refu, miguu ikiwa imeshachoka, kwa sababu ndivyo utakavyovikuta.

Nitaona tofauti baada ya muda gani?

Wiki sita hadi nane ukiwa na uthabiti. Kabla wati hazijapanda utaona dalili nyingine: kipande kilekile, mapigo ya moyo yakiwa chini kidogo, na unamaliza ukiwa na hamu ya maongezi.

Na kushuka je?

Hapo trena haina msaada wowote, na ni lazima niseme wazi. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33 na kupanda karibu mita 1,000. Mtu wa wati 200 atatumia saa moja na dakika 40 hivi kwenda juu, kwa nguvu alizojijengea chumbani. Kisha anageuka, na barabara hiyohiyo yenye kona zisizoonyesha mbele, basi linalopanda kwa kuchukua upande wake, mchanga kwenye ukingo na mbuzi wa watu, haijawahi kuwepo kwenye skrini yoyote.

Kabla ya kwenda, tenga siku mbili tatu za kwenda Pugu kujifunza kushuka. Funga breki kabla ya kona, si ndani yake. Mkono mmoja usishike breki mfululizo. Bana, achia, bana, achia, rimu zisipate moto. Pedeli ya nje chini, goti la ndani wazi, macho kwenye mwisho wa kona. Siku ya Lushoto, simama Soni ukirudi, mahali maporomoko yanapoonekana kutoka barabarani, na uguse rimu kwa nyuma ya kidole. Kama huwezi kukiacha kidole hapo sekunde mbili, kaa ule ndizi mpaka zipoe.